Udongo ni Wetu, Dhahabu ni ya Nani?



Liko swali ambalo huulizwa mara kwa mara katika vijiji vya wilaya yetu ya Busia, mashariki mwa Uganda, na ambalo watu hulijibu kwa haraka mno. Swali lenyewe ni hili: dhahabu iliyo chini ya shamba la marehemu ni ya nani? Mmoja atakuambia ni ya kifungua mimba wa kiume. Wa pili atakuambia ni ya ukoo. Wa tatu, aliyekwisha kuona magari ya wageni yakielekea Tiira na kurudi yamejaa tope, atakuambia ni ya yule mwenye karatasi. Kila mmoja husema kwa uhakika, na uhakika huo ndio unaovunja undugu.

Nakuomba leo tulitulize swali hilo kama tunavyotuliza maji machafu mtungini, ili tope likae chini na maji yaonekane. Ukilitazama vizuri utaona kwamba ndani yake mna maswali matatu. La kwanza: uso wa ardhi ni wa nani? La pili: madini yaliyo chini yake ni ya nani? La tatu: mwenye haki akifariki, nani anashika nafasi yake? Kila swali lina sheria yake. Kila swali pia lina msamiati wake, na msamiati ndio kazi yangu mimi mwalimu wako.

Tuanze na uso wa ardhi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Ibara ya 237, inasema ardhi ya nchi hii ni mali ya raia wa Uganda. Kisha inataja njia nne za kuimiliki: umiliki wa kimila, umiliki huru, mailo, na upangaji. Mashamba mengi ya huku kwetu ni ya kimila. Hayana hati yenye muhuri. Yana mipaka ya miti iliyopandwa na babu, na yana majirani wanaokumbuka. Usidhani kwamba kukosa hati ni kukosa haki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inautambua umiliki wa kimila kuwa umiliki kamili, na inamruhusu mwenye shamba kuomba cheti cha kuuthibitisha. Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Majirani wanaokumbuka nao hufa.

Twende chini sasa. Ibara ya 244 ya Katiba hiyo hiyo inasema kwamba madini na mafuta yote yaliyo juu au chini ya ardhi, au ndani ya maji ya Uganda, yako mikononi mwa serikali kwa niaba ya Jamhuri. Soma tena taratibu: yote. Hata shamba likiwa na hati ya umiliki huru, hata likiwa limelimwa na vizazi sita vya ukoo mmoja, dhahabu iliyo ndani yake si ya mwenye shamba. Akitaka kuichimba yeye mwenyewe, kwa jembe lake na mikono yake, sheria inamtaka apate leseni kwanza.

Hata hivyo Ibara hiyo inafanya jambo ambalo linampendeza mwalimu wa lugha: inafafanua neno. Inasema kwamba kwa madhumuni yake, neno madini halihusu udongo wa mfinyanzi, moramu, mchanga, wala mawe yanayotumika kwa kawaida katika ujenzi na shughuli za namna hiyo. Basi jirani yako anayefyatua matofali pembeni mwa shamba lake hachimbi mali ya serikali. Mama anayefinyanga vyungu hachimbi mali ya serikali. Akikutana na chembe ya dhahabu katika udongo ule ule, hapo ameingia katika sheria nyingine. Maana ya neno moja inaamua nani ni mwenye mali na nani ni mvamizi. Ndiyo sababu huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba fasili ya neno si jambo la mtihani peke yake.

Je, mwenye shamba hana lolote? Analo, tena kubwa. Katiba inaagiza kwamba uchimbaji wa madini uzingatie maslahi ya wenye ardhi, ya serikali za mitaa na ya serikali kuu. Aliyepewa leseni hawezi kuingia shambani kana kwamba hapana mtu. Sharti aelewane na mwenye shamba kuhusu matumizi ya uso wa ardhi, na alipe fidia kwa anachokiharibu. Tena kuna mrabaha, yaani malipo anayotoa mchimbaji kwa sababu ya madini anayoyachukua. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2003, mrabaha uligawanywa hivi: asilimia 80 kwa serikali kuu, asilimia 17 kwa serikali ya mtaa, na asilimia 3 kwa mwenye ardhi au mkaaji wake halali. Sheria mpya ya mwaka 2022 imechukua mahali pa ile, lakini mwenye ardhi hakusahauliwa.

Waulize jamaa zetu Wasamia walio ng'ambo ya mpaka, watakueleza mgawanyo mwingine. Nchini Kenya, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Kabila ni moja na salamu ni moja, lakini ukivuka mpaka haki inahesabiwa kwa njia nyingine. Usiazime sheria ya jirani kama unavyoazima chumvi.

Kwa hiyo fikiria mlango mmoja wenye kufuli mbili. Ufunguo wa kwanza uko kwa serikali, nao ni leseni. Ufunguo wa pili uko kwa mwenye shamba, nao ni ridhaa yake na fidia anayolipwa. Anayekuja na mkataba wa kukodi shamba bila leseni ana ufunguo mmoja. Anayekuja na leseni bila kuzungumza na mwenye shamba naye ana ufunguo mmoja. Wote wawili mlango haujawafungukia, hata wakija na gari la kifahari.

Hapa nataka tusimame kidogo kwenye sarufi, kwa maana sarufi nayo inaweza kumnyang'anya mtu shamba. Tazama vitenzi hivi viwili: kukodi na kukodisha. Anayekodi ndiye anayechukua kitu cha mwenzake kwa malipo na kwa muda. Anayekodisha ndiye mwenye kitu, anayekitoa. Ni kauli ya kutendesha ile tuliyojifunza: kula na kulisha, kuona na kuonyesha. Vivyo hivyo kupanga na kupangisha. Katika mazungumzo ya mtaani watu huchanganya. Utamsikia mtu akisema amekodisha baiskeli ilhali ameiazima kwa pesa. Kwenye baiskeli kosa hilo halimdhuru mtu. Kwenye karatasi ya shamba, lazima ijulikane nani amekodi na nani amekodisha. Tena usisahau kwamba neno kodi lenyewe lina maana mbili: pesa anayolipa mpangaji kwa mwenye nyumba, na pesa anayolipa raia kwa serikali. Ukiona neno hilo katika mkataba, uliza: kodi ipi, na inakwenda kwa nani?

Kukodisha si kuuza. Anayeuza ameaga, anayekodisha anangoja kurudishiwa. Ndiyo maana mkataba wa kukodisha hauna budi kutaja muda. Kwa mfano, sheria yetu hairuhusu mtu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa upangaji, na upangaji huo hauwezi kuzidi miaka 99. Miaka 99 ni mingi kuliko umri wa binadamu, kwa hiyo swali la kifo haliepukiki. Jibu lake ni hili: mkataba halali hauzikwi pamoja na aliyeutia saini. Mpangaji akifariki, miaka iliyobaki huingia katika mirathi yake. Mwenye ardhi akifariki, warithi wake huendelea kupokea kodi na kuuheshimu mkataba hadi mwisho wake. Saini ya dakika moja inaweza kuwafunga watoto ambao hawajazaliwa.

Sasa niruhusu nikusimulie jambo lililonifundisha haya kuliko kitabu chochote.

Baba yangu alifariki mwaka 2023. Hakuacha wosia. Aliacha shamba la kimila, mama yetu, na sisi watoto watano, wavulana wawili na wasichana watatu. Mwezi wa nne baada ya mazishi, baba mdogo alikuja nyumbani na mgeni aliyevaa koti zito licha ya jua kali. Mgeni alitoa karatasi tatu zilizopigwa chapa kwa Kiingereza. Baba mdogo akasema, "Shemeji, hapa ni kuweka kidole tu. Ni miaka mitano. Pesa ya kwanza inatoka leo."

Mama hakusoma Kiingereza. Ana Kisamia chake, na ana Kiswahili cha soko la mpakani, kile cha kupimia maharagwe na kubishana bei. Akasema hatagusa karatasi kabla sijamsomea. Nikakaa kwenye mkeka karibu naye, nikaanza kutafsiri sentensi baada ya sentensi. Nimefundisha ufahamu na tafsiri kwa miaka mingi, lakini sijawahi kufanya mtihani mgumu kama ule. Kila neno lililokuwa limejificha katika Kiingereza kizito lilipotoka katika Kiswahili lilisimama uchi. Karatasi ilisema mkodi atakuwa na ruhusa ya "kuondoa chochote kilicho ndani au chini". Ilisema malipo ni mara moja kwa mwaka. Haikutaja leseni, wala kufukia mashimo. Mahali pa mwenye ardhi palikuwa na jina la baba mdogo.

Mama alinyamaza kwa muda. Kisha akamwuliza yule mgeni kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Miaka mitano ikiisha, utanirudishia shamba ama utanirudishia shimo?"

Mgeni hakujibu. Alimtazama baba mdogo, na baba mdogo akatazama chini.

Nisikufiche, msomaji: baba mdogo si mtu mbaya. Alikuwa na mabinti wawili shuleni na ada ya muhula ilikuwa inadaiwa. Aliamini, kama wazee wengi wanavyoamini, kwamba ndugu wa kiume wa marehemu ndiye msemaji wa shamba. Alikwenda zake kwa hasira, na kwa msimu mzima wa mahindi hakukanyaga uani kwetu. Mama aliendelea kumpelekea mboga kupitia kwa watoto. Vyombo vilirudi vimeoshwa, bila neno.

Turudi kwenye swali letu la tatu, maana hapo ndipo baba mdogo alipojikwaa. Tutenganishe kwanza maneno. Marehemu ndiye aliyefariki. Mrithi ndiye anayepokea. Mirathi ni mali inayogawanywa pamoja na utaratibu wa kuigawa. Wosia ni agizo aliloacha marehemu, lililoandikwa na kutiwa saini mbele ya mashahidi wawili. Msimamizi wa mirathi ndiye aliyepewa mamlaka na mahakama kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kinachobaki. Angalia: msimamizi si mrithi kwa sababu tu ya kusimamia. Anashika mali kwa ajili ya wengine, kama mtu aliyeshikilia mtoto wa mwenzake.

Sheria yetu ya Mirathi ni kongwe. Ni ya mwaka 1906. Ilikuwa na vifungu vilivyompendelea mwanamume, na mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilivibatilisha vile vilivyombagua mwanamke. Ilichukua miaka 15 kabla Bunge halijaziba pengo hilo kwa marekebisho ya mwaka 2022. Leo, mtu akifariki bila wosia, akaacha mwenzi, watoto, jamaa waliomtegemea na mrithi wa kimila, mali yake hugawanywa hivi: watoto asilimia 75, mwenzi asilimia 20, jamaa wanaotegemea asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Watoto ni watoto. Sheria haiulizi kama ni wa kike au wa kiume. Nyumba aliyokuwa akiishi marehemu na familia yake haiingizwi katika hesabu hiyo, kwa sababu mjane na watoto wana haki ya kuendelea kukaa humo.

Itazame tena ile asilimia 1. Mrithi wa kimila, yule anayekabidhiwa mkuki na kuketishwa kwenye kigoda mbele ya ukoo, ana heshima yake na hakuna anayeipinga. Lakini heshima hiyo, katika mali, ni sehemu moja kati ya mia. Na ndugu wa marehemu, kwa sababu tu ya undugu, hana hata hiyo. Kabla mahakama haijatoa barua za usimamizi, hakuna jamaa mwenye mamlaka ya kuuza, kukodisha wala kuweka rehani shamba la marehemu. Kwa ardhi ya kimila, Sheria ya Ardhi inaongeza kwamba uamuzi wowote unaomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kuitumia ardhi hiyo ni batili. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba hata mume akiwa hai, hawezi kuuza wala kukodisha ardhi ambayo familia inaishi na kujikimu bila ridhaa ya mkewe. Wala mke bila ridhaa ya mumewe.

Sasa unaweza kuona jinsi majibu matatu yanavyoshikana. Watoto hawarithi dhahabu, maana baba hakuwa na dhahabu ya kurithisha. Ni ya Jamhuri. Lakini wanarithi shamba, na anayerithi shamba anarithi pia ule ufunguo wa pili: haki ya kuulizwa, ya kulipwa fidia, na ya kupokea sehemu ya mrabaha ya mwenye ardhi. Basi ugomvi wa dhahabu, ukiuchunguza, mara nyingi ni ugomvi wa mirathi uliovaa kofia ya mchimbaji. Familia ambayo haijamaliza mirathi haijui nani ashike ufunguo, na hapo ndipo mgeni mwenye karatasi tatu hupata nafasi.

Sisi tulianza na mwenyekiti wa LC1, aliyetupa barua ya kuthibitisha kifo na majina ya warithi. Tukaketi kikao cha familia. Shangazi ndiye aliyemwita baba mdogo, naye akaja, akakaa karibu na mlango. Tulikwenda katika ofisi ya serikali inayosimamia mali za marehemu, kisha mahakamani. Ilituchukua zaidi ya mwaka na nauli nyingi. Barua za usimamizi zilitoka kwa majina mawili: la mama na la dada yangu mkubwa. Siku shangazi alipomsomea baba mdogo zile asilimia kwa Kisamia, aliuliza swali moja tu: "Na mimi nikifa, mabinti zangu watapata hivyo hivyo?" Akaambiwa ndiyo. Hakusema zaidi, ila mwezi uliofuata alinipigia simu akitaka nimsaidie kuandika wosia.

Yule mgeni hakurudi kwetu. Alikwenda kwa watu wengine upande wa bondeni. Siku hizi pana mashimo yaliyojaa maji ya mvua, na ng'ombe hupitishwa mbali. Kama chini ya shamba letu kuna dhahabu au hakuna, hakuna aliyepima. Juu yake kuna mihogo.

Huenda ukajiuliza kwa nini mwalimu wa lugha anakueleza habari za leseni na mirathi. Ni kwa sababu sheria za nchi yetu zimeandikwa kwa Kiingereza, na wanaozihitaji zaidi hawakijui. Katiba yetu iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kupitia marekebisho ya mwaka 2005, na mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe katika shule zote za msingi na sekondari. Wengi walilipokea jambo hilo kama mzigo wa somo jingine. Mimi naliona kama nafasi. Siku moja utaketi mkekani karibu na mzazi wako, karatasi iko mbele yenu, na wewe ndiye pekee unayeweza kuifungua. Siku hiyo hutaulizwa alama ulizopata. Utaulizwa karatasi inasema nini.

Basi kabla hujalala usiku huu, uliza nyumbani mambo matatu kwa upole, bila kumtisha mtu kwa habari za kifo. Shamba letu linamilikiwa kwa njia ipi kati ya zile nne? Je, kuna mkataba wowote wa kukodisha uliotiwa saini, na unaisha lini? Na je, mirathi ya babu ilikwisha kufungwa, au sote tunalima juu ya jina la marehemu? Andika majibu katika daftari lako kwa Kiswahili sanifu. Ukikwama kwenye neno, niletee darasani, tulitafute pamoja.